Kona ya Sketi ya Roboti

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya cherehani uliyoniachia. Kichwa chake nimekilaza ndani nikapata kimeza, ila karatasi inateleza kwa mafuta. Ukiona doa mahali, ujue ni la mashine. Silii, niko salama.

Magoti yanasemaje? Huko kazini hospitalini wanakuruhusu kukaa unaposhona, au bado mashuka mnayapinda mmesimama? Na kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekuacha? Nikikuwaza peke yako kwenye chumba kile chenye dirisha moja, natamani bahasha hii ingekuwa blanketi.

Sisi hapa sote wazima. Baba watoto yuko safarini na lori, tunamtazamia wiki ijayo. Mdogo ana meno manane na anayatumia. Mimi nina kazi ya sare za shule, mashati thelathini na mbili, na usiku nikifumba macho naona kola tu zinapita moja moja kama ndege.

Ulisema habari za mjukuu wako Kifungo nisikupe kwa simu haraka haraka, nikuandikie, ili usome polepole ukiwa umejilaza. Basi panga mito.

Kifungo sasa ana miaka kumi na miwili na amenifika begani. Lile jina ulilompa siku alipomeza kifungo chini ya mashine hii halijamtoka, hata shuleni wanamwita hivyo. Ni mtoto wa kutazama. Anaweza kukaa akiangalia feni inavyozunguka mpaka chai yake ipoe. Zamani nikidhani ni uvivu, kumbe anawaza mle ndani kuna nini. Hilo amelitoa kwangu. Mimi pia nikishona huwa naondoka, mguu unabaki ukikanyaga peke yake.

Mwaka huu ameingia kwenye timu ya roboti ya shule yao. Usidhani ni roboti zile za kwenye filamu, zenye macho na miguu. Hizi ni kama beseni lenye magurudumu manne na mkono mmoja wa kuokotea, na mtoto anaiongoza kwa rimoti akiwa amesimama pembeni. Mwongozaji wa timu yao ni Kifungo. Mwenzake wa karibu ni mvulana wanayemwita Betri, kwa sababu mdomo wake hauishi chaji. Yeye kazi yake ni kuhesabu muda.

Mimi niliingiaje humo? Mwalimu wao wa sayansi, kijana ambaye shati lake halikosi doa la wino, aliniletea kikaratasi. Kila roboti lazima izungushiwe kitu laini ili zikigongana zisivunjane. Sponji ya unene wa vidole viwili, juu yake kitambaa, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, maana rangi inaweza kubadilika kila mchezo kufuatana na upande waliopangiwa. Nikasoma nikacheka. Hiyo si ni sketi ya kugeuza, Shangazi? Nikaishona kwa siku mbili. Pale kwenye kona nne, inapofungiwa, nikatia ule utepe wa kunata uliotuletea, wenye upande laini na upande wa kukwaruza. Watoto walipoivisha roboti yao wakaipa jina papo hapo: Bibi Harusi.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, maana bila hilo hutanielewa. Roboti mbili zinawekwa kwenye uwanja wa mbao wenye kuta fupi. Kila moja inaokota vimpira na kuvitia kwenye kapu lake, dakika mbili na nusu. Ukitaka, unaweza kuacha kuokota ukaenda kusimama mbele ya mwenzio asifike kwenye kapu. Hiyo wanaiita kuzuia, na inaruhusiwa. Ila ina adabu zake. Usimwangushe mwenzio. Usimnase wala kumshika. Na ukimbana ukutani, unahesabu mpaka tano, kisha unarudi nyuma hatua mbili za roboti umpe nafasi ya kutoka.

Bibi Harusi aliunguza mota ya mkono mwezi mmoja kabla ya mashindano, na ya kubadilisha haikupatikana ya nguvu ile ile. Akawa anaokota kama mtu aliyeamka sasa hivi. Wakakaa wakapanga: tutie vimpira vitatu mwanzoni kadiri tutakavyoweza, halafu muda wote uliobaki tuzuie.

Mimi sikupenda. Nilimwambia Kifungo, mwanangu, kusimama kwenye njia ya watu ni ustaarabu gani? Akanijibu bila kuniangalia, "Mama, si kusimama. Ni kufika kabla yake."

Nikaja kuelewa hapa hapa nyumbani. Alikuwa anafanya mazoezi na mdogo wake. Mdogo akitaka kutoka mlangoni, unamjua mtoto anayejifunza kutembea alivyo na haraka, Kifungo anateleza mbele yake, mikono nyuma, hamgusi. Mdogo anakata kushoto, dada yake yupo kushoto. Anakata kulia, yupo. Kisha Kifungo anahesabu moja mpaka tano, anarudi nyuma hatua mbili na kusema, "Pita, mheshimiwa," na mdogo anapita akicheka mpaka anakaa chini. Nilisimamisha mashine nikawatazama. Mwanga wa mlangoni ulikuwa nyuma yao na wote wawili walikuwa vivuli tu. Nikasema moyoni, hii si fujo, hii ni kama kucheza ngoma na mtu asiyejua kwamba mnacheza.

Jambo moja zaidi ujue. Timu mbili zinazofika fainali, atakayeshinda na atakayeshindwa, zote zinapelekwa kwenye mashindano makubwa, mbali, wiki nzima, wanalala huko. Kifungo hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Wiki tatu kabla alishaanza kupanga begi, akilipangua na kulipanga, soksi hizi hapana, hizi ndiyo. Mimi nilikuwa namwona tayari yuko dirishani mwa basi. Nilimwona hata akiwa mkubwa, mhandisi, amevaa kofia ngumu, ananionyesha jengo. Mie na ndoto zangu unanijua.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa mkubwa, madirisha yake yapo juu kabisa, na jua liliingia kwa mistari mirefu yenye vumbi ndani yake. Ile sauti ya mota nyingi kwa pamoja ilinitia usingizi wa ajabu. Mdogo mgongoni akalala, nami nikawa kama niko ndani ya maji, naona watu wanafungua midomo.

Midomo hiyo ilikuwa inatukana kidogo, lazima niseme ukweli. Watoto wa shule nyingine walipita wakaiangalia roboti yetu. Mmoja akauliza, "Hii imevaa sketi, imekuja kucheza au kuolewa?"

Betri akamjibu, "Itaolewa ikishawafunga nyie. Kadi ya mwaliko mtaletewa."

"Nyie hamtii vimpira, mnafunga barabara tu."

"Barabara ina matengenezo. Zungukeni."

Kifungo aliendelea na kazi yake. Alikuwa anafuta magurudumu kwa kitambaa, moja moja, kama anavyomfuta mdogo wake vidole.

Michezo miwili ya kwanza walivaa nyekundu wakashinda yote, kwa tabu. Nusu fainali wakapangiwa buluu. Nikaigeuza sketi mimi mwenyewe, nikabana kona zote. Walikutana na roboti iliyoitwa Panzi, na kweli ilikuwa panzi, nyepesi, mbele yake ina wavu wa manjano wa kubebea vimpira. Iliongozwa na msichana mmoja mrefu mwenye miwani.

Shangazi, mchezo ule ulikuwa kama ndoto. Bibi Harusi alitia vitatu, Panzi akawa na kimoja. Kisha Kifungo akaanza kuzuia, na Panzi akawa mzito. Kila wakisogeana, Panzi alijigeuza polepole, polepole, kama mtu anayekimbia usingizini na miguu haiendi. Kifungo akifika kwenye tano anarudi nyuma vizuri, hakukosea hata mara moja. Yule msichana alikuwa anaipiga rimoti yake kiganjani. Wakamaliza vitatu kwa viwili. Ukumbi mzima ukampigia makofi mwanangu. Alikuja kwangu mbio.

"Mama, umeona? Nilikuwa najua anataka kwenda wapi kabla hajajua mwenyewe."

Nikamwambia nimeona. Nilikuwa nimeona kweli.

Fainali walipangiwa nyekundu tena, ikabaki robo saa. Wakaniletea sketi niigeuze. Nikakaa kwenye benchi la nyuma nikaiweka mapajani, nikaanza kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaihisi kwa kidole kabla ya kuiona. Ilikuwa inakwaruza kwa nje.

Wewe uliyenifundisha kazi hii utaelewa nikikuambia mara moja. Nguo ya kugeuza, ukiigeuza, mpishano nao unageuka. Uliokuwa umelala chini unakuja juu. Kona ile ya nne niliijaribu kwa upande mwekundu peke yake. Niliifunga kwenye beseni lililofunikwa, ikakaa kama imezaliwa hapo, nikaridhika, nikakata uzi. Sikuigeuza. Kwa upande wa buluu utepe wa kukwaruza ulibaki wazi nje, upana wa vidole viwili. Na kwenye vile vijino vyake vidogo palikuwa na nyuzi za manjano, zimejaa kama nywele kwenye kitana.

Ule wavu wa Panzi. Kila wakigusana, kona yangu ilikuwa inamshika.

Nilifanya nini? Nitakuambia bila kuficha. Nilianza kuzing'oa zile nyuzi kwa kucha. Moja, mbili, nikazitia mfukoni. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mwamuzi hakuona, mwalimu hakuona, hata Panzi mwenyewe hakujua ni nini kilimpata. Nikajiambia, nitaishona sasa hivi, haitarudia, mtoto hakukusudia, mimi sikukusudia, kosa ni la mkasi. Begi limepangwa. Nikainua macho nikamwona Kifungo mbali, ndani ya mstari wa jua, anamwonyesha Betri kwa mikono jinsi alivyomzuia Panzi. Anafika hapa, anateleza pale. Alikuwa na furaha ya mtu anayekieleza kitu chake mwenyewe. Na mimi nikajua kwamba kitu kile si chake chote, na ataendelea kukieleza hivyo maisha yake yote, na kila akikieleza mimi nitakuwa naangalia chini.

Nikamwita. Nikamwonyesha. Sikuweza kusema maneno mengi, nilimshika tu kidole nikakipitisha kwenye kona.

Akakipitisha tena mwenyewe. Kisha akauliza, "Mama, kiasi gani ni mimi na kiasi gani ni utepe?"

"Sijui, mwanangu."

"Kadiria."

"Siwezi kukadiria. Ni kosa langu mimi, si lako."

Akavuta pua. "Ungenyamaza," akasema, kwa sauti ndogo sana. Neno hilo lilinichoma, Shangazi, kwa sababu lilikuwa la haki. Ningeweza.

Akaichukua sketi. Nilidhani anampelekea mwamuzi. Hapana, alienda kwanza kwa yule msichana wa miwani. Mimi nikafuata na mtoto mgongoni. Tulimkuta amekaa sakafuni, amemfungua Panzi tumbo lote, skrubu zimetawanyika kwenye kofia yake, na wenzake wamemsimamia juu wakimlaumu kwamba alifunga mota vibaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Kifungo akachuchumaa akamwekea kona mbele.

"Mota yako ni nzima. Nilikuwa nakushika. Sikujua."

Msichana akatazama nyuzi. Akazigusa. Kisha akageuka kwa wenzake akasema, "Haya, nani alisema sijui kufunga mota? Aje arudishe hizi skrubu." Wale wakatawanyika kama hawakuwapo.

Mwamuzi, mtu mzima ambaye kazi yake ya kila siku ni ufundi wa lifti, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema matokeo yameshasainiwa, kikanuni anaweza kuyaacha. Ila timu zote mbili zikikubali, mchezo unarudiwa. Mwalimu wetu aliinamia karatasi zake kama zina maandishi asiyoyajua, kisha akasema, "Aamue mwongozaji." Betri akamgeukia Kifungo.

Kifungo akasema warudie.

Basi nikaishona ile kona kwa mkono, hapo hapo, nimepiga magoti ukumbini. Msichana wa miwani alinishikia kitambaa kikaze, Kifungo akanimulikia kwa simu ya mwalimu. Nilipiga mishono midogo kuliko yote niliyowahi kupiga. Tukamvisha Bibi Harusi kwa buluu, vile vile, na mwamuzi akapitisha kiganja pande zote nne.

Safari hii Panzi aliruka. Bibi Harusi akatia vitatu vyake, Panzi kimoja, halafu ikawa ni wao wawili tu. Nilikuwa nahesabu kwa vidole mgongoni mwa mtoto. Panzi alikwenda, Kifungo akafika kabla yake. Alikwenda tena, akazuiwa tena. Mara ya tatu akapita. Hakukuwa na uzito wa ndotoni tena, zilikuwa zinazungukana kwa kasi, zinagusana pwaa na kuachiana. Ikafika vitatu kwa vitatu, zimebaki sekunde kumi, na Kifungo amembana Panzi ukutani.

Betri akaanza kuhesabu. Mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Kaa hapo hapo, mara ya kwanza wanaonya tu." Ni kweli, Shangazi, kanuni ndivyo ilivyo, kosa la kwanza ni onyo. Angekaa, muda ungeisha, na wakitoka sare anapita aliyetangulia kutia vitatu, yaani sisi. Betri mwenyewe alijua, sauti yake ilipofika nne ikapungua kama anaomba. Akasema tano.

Bibi Harusi akarudi nyuma hatua mbili.

Panzi akatoka ukutani, akadanganya kushoto, akapita kulia. Vinne kwa vitatu. Filimbi.

Yule msichana hakushangilia kwanza. Alikuja akamwomba Kifungo amsaidie kufanya mazoezi hizo dakika chache kabla ya fainali, maana wanaowasubiri nao ni wazuiaji, na hakuna aliyewahi kumzuia kama yeye. Wakaenda. Fainali yenyewe sikuiona yote, mdogo aliamka na njaa. Nasikia Panzi alishindwa kwa kimpira kimoja, lakini wanasafiri.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kifungo alitangulia, roboti iko shuleni, mikono haina cha kubeba. Nilimwacha. Nilikuwa nawaza lile begi, nani atalipangua. Tulipofika kwenye ukuta mrefu wa kiwanda akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Mama, ungenyamaza ningekuwa nasafiri."

"Ndiyo. Ungekuwa unasafiri."

Tukapita lango la kwanza, tukapita la pili. Unga wa mbao ulikuwa umelala njiani na nyayo zetu hazikutoa sauti.

"Nimehesabu," akasema. "Amejaribu mara nane. Amenipita mara tatu. Nimemzuia mara tano."

Nikasema nami nilihesabu hivyo hivyo.

"Hizo tano hazina utepe."

"Hazina hata uzi, mwanangu."

Akafikiri, kisha akanipa mkono. Unajua wakifika miaka hiyo hawataki kushikwa mkono barabarani. Nikaushika mpaka mlangoni.

Shangazi, nisikuchoshe, mashati yananiangalia. Nisalimie yule jirani yako wa chumba cha pili anayekuchekesha, na wenzako wote wa chumba cha kushonea. Kifungo anakupa shikamoo na anasema utakaporudi atakuonyesha jinsi ya kuzuia mtu bila kumgusa. Baba watoto akirudi atakupigia. Mungu akufunike usiku, akuamshe na nguvu, na atuonyeshe tena sura yako ukiwa mzima.

Mimi mwanao, nikupendaye na kukuwaza kila siku,

Mama Kifungo